Navigesheni ya IST yangu inaonyesha mji ambao haupo tena Japani. Asuke ilienda wapi?

#1 KijanaWaIST
Wakuu, salamu.

Nimenunua IST ya 2003 kwa jamaa mmoja Tegeta. Gari bado ina redio yake ya asili yenye ramani, na DVD ya ramani imo ndani. Nikiwasha, yule dada wa Kijapani anasema maneno yake, mimi nakanyaga mafuta tu.

Juzi kwenye foleni ya Mwenge nikabonyeza alama ya nyumba. Skrini ikaruka mpaka milimani: mto umejipinda, barabara moja kubwa, na mstari wa maandishi juu. Nikapiga picha nikamtumia rafiki yangu anayejifunza Kijapani. Akanisomea: mkoa wa Aichi, wilaya ya Higashikamo, mji wa Asuke.

Nimetafuta mtandaoni. Wilaya ya Higashikamo haipo. Halmashauri ya mji wa Asuke haipo. Kilichopo ni mtaa unaoitwa Asuke ndani ya jiji la Toyota. Jamani, hii gari yangu imetoka kwenye mji uliofutwa? Mji mzima unafutwaje kwenye nchi iliyotulia kama ile? Nani alikaa akakubali?

#2 FundiMakoa
Dada anasema kadi ya ETC haijawekwa, yaani ile kadi ya kulipia barabara za kasi. Nimeng'oa vile vidude mpaka nimechoka kuhesabu.

Kuhusu mji wako, mbona jibu liko wazi. Kampuni ya Toyota ilichukua jina la mji wa Toyota, ikakua, ikahitaji ardhi, ikameza majirani. Ndio kwisha.

#3 RamaniKichwani
Fundi, nakuheshimu kwenye gearbox, lakini hapa umeshika kinyume. Mji ndio uliochukua jina la kampuni.

Mahali pale paliitwa Koromo. Kampuni ilianzishwa 1937, kiwanda cha Koromo kikafunguliwa 1938, na Koromo ikapata hadhi ya jiji 1951. Mwaka 1958 chama cha wafanyabiashara wa hapo kikaomba jina libadilishwe, na tarehe 1 Januari 1959 Koromo ikawa Toyota. Maandishi ya Koromo yalikuwa magumu kusomeka hata kwa Wajapani wenyewe, na hiyo ilikuwa hoja mojawapo. Jina la zamani limebaki kwenye mtaa mmoja na kwenye tamasha la Koromo linalofanyika kila Oktoba.

Halafu jiji lenyewe limekuwa likimeza kwa muda mrefu. Kijiji cha Takahashi 1956, mji wa Kamigo 1964, Takaoka 1965, Sanage 1967, Matsudaira 1970. Wale waliosoma historia ya Japani: ukoo wa Tokugawa uliotawala nchi kwa zaidi ya miaka 250 asili yake ni hao hao Matsudaira. Hata kwao leo ni kata ya Toyota.

Asuke iliingia tarehe 1 Aprili 2005 pamoja na wengine watano: miji ya Fujioka, Asahi na Inabu, na vijiji vya Obara na Shimoyama. Siku moja eneo la jiji likapanda kutoka kilometa za mraba 290 hadi 918. Wilaya ya Higashikamo ikabaki haina mji hata mmoja, ikafa.

Kijana, hebu niangalizie kitu. Kwenye ramani yako sogea kaskazini mashariki mpaka Inabu. Imeandikwa wilaya gani?

#4 FundiMakoa
Nimekubali, mwalimu. Lakini ngoja, umesema Takaoka 1965? Kiwanda cha Takaoka ndicho kilichoanza kutoa Corolla mwaka 1966! Hilo sihitaji kufundishwa na mtu. Kumbe Takaoka ulikuwa mji na sisi tunaujua kama kiwanda tu.

#5 BintiLikoni
Na matatu zetu je? Hiace zatoka wapi?

#6 FundiMakoa
Zipo zilizotoka Gifu Auto Body, iko Kakamigahara, mkoa wa jirani.

#7 RamaniKichwani
Kakamigahara nayo ilimeza mji wa Kawashima Novemba 2004. Ukitaka kukimbia habari hii huko Japani, huna pa kukimbilia. Machi 1999 nchi ilikuwa na miji na vijiji 3,232. Machi 2010 vimebaki 1,727.

#8 KijanaWaIST
Mwalimu, nimemtumia tena rafiki yangu picha. Anasema Inabu imeandikwa wilaya ya Kitashitara, siyo Higashikamo. Kuna shida?

#9 RamaniKichwani
Hakuna shida, umenipa raha. Inabu ilihamishwa kutoka Kitashitara kwenda Higashikamo Oktoba 2003, ikakaa huko mwaka mmoja na nusu, kisha ikaingia Toyota na wenzake. Kwa hiyo DVD yako ilichorwa kabla ya hapo. Tafuta pia reli inayotoka Sanage kuelekea Asuke. Ikiwa inaishia kituo cha Nishi-Nakagane, basi una ramani ya dunia mbili zilizokufa, maana kipande hicho cha reli kilifungwa tarehe 1 Aprili 2004. Kilipangwa kifike Asuke, hakikufika kamwe.

#10 Shani_Aichi
Habari zenu. Mimi naishi Aichi mwaka wa sita sasa. Asuke naijua kwa miguu, si kwa ramani, kwa hiyo nisomeni polepole.

Kutoka stesheni ya Toyota unapanda basi. Kwanza ni maduka na maegesho, halafu mashamba ya mpunga, halafu milima inakubana pande zote na mto Tomoe uko chini yako. Ukishuka Asuke unakuta barabara nyembamba yenye nyumba za zamani za wafanyabiashara, kuta nyeupe juu na mbao nyeusi chini. Kuna kichochoro kimoja, Manrin, ukinyoosha mikono karibu uguse pande zote mbili. Mwaka 2011 mtaa huo uliwekwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kale yanayohifadhiwa.

Novemba usithubutu kwenda na gari. Bonde la Korankei lina miti ya mepo kama 4,000, ile ambayo majani yake yanageuka mekundu. Inasemekana mtawa San'ei wa hekalu la Kojakuji ndiye aliyeanza kuipanda 1634. Barabara ya taifa namba 153 inasimama kabisa. Nimewahi kukaa kwenye foleni hiyo mpaka mtoto wa rafiki yangu akamaliza chakula chote tulichobeba, nasi hatujaona jani.

Hapo kwenye mto kuna bibi anayechoma gohei mochi. Ni wali uliopondwa, ukabandikwa kwenye kibao bapa, ukapakwa miso, yaani rojo ya soya iliyochachushwa, na jozi, ukachomwa mpaka ukingo unaungua kidogo. Nilimuuliza kwa Kijapani changu cha kubahatisha, "Wewe ni mtu wa Toyota?" Akaangalia mkaa wake akanijibu: "Mimi ni mtu wa Asuke. Toyota ni pale tunapolipa kodi."

#11 Mtu_wa_Kigoma
Dada Shani asante. Nyumba hizo za wafanyabiashara walikuwa wakiuza nini milimani?

#12 Shani_Aichi
Chumvi. Ilitoka pwani ya Mikawa, ikapandishwa kwa mitumbwi mtoni kadiri maji yalivyoruhusu, halafu nchi kavu mpaka Asuke. Hapo magunia yalifunguliwa, chumvi ikapimwa na kufungwa upya kwa uzito sawa, ndipo ikapakiwa kwenye farasi kuelekea Shinshu, Nagano ya leo, nchi isiyo na bahari. Ikaitwa chumvi ya Asuke ingawa Asuke haina hata tone la bahari.

#13 Mtu_wa_Kigoma
Basi hao ni ndugu zetu. Kwetu Uvinza chumvi ilichemshwa kutoka chemchemi na watu walitembea siku nyingi kuifuata. Mji wa chumvi hauwezi kukosa majivuno. Sasa naona uchungu zaidi, mji wa namna hiyo kukubali kuwa mtaa.

#14 Hesabu_Kwanza
Majivuno hayalipi mishahara ya walimu. Mnazunguka, ngoja niseme kavu: ni pesa.

Serikali kuu ya Japani ilitaka miji midogo iungane. Sheria maalumu iliahidi hati za mkopo: mkiungana, mnaweza kukopa hadi asilimia 95 ya gharama za miradi ya muungano, na asilimia 70 ya marejesho serikali kuu inaibeba kupitia mgao wake kwa miji. Sheria ikawekewa mwisho, Machi 2005. Angalieni tarehe ya Asuke: 1 Aprili 2005, siku moja tu baada ya mwisho huo, maana waliokwisha kupeleka maombi waliruhusiwa kumalizia. Upande mwingine, mwaka 2004 mgao wenyewe ukapunguzwa. Mji wenye watu wasiofika elfu kumi, wengi wazee, bila kiwanda, ungefanya nini? Umewekewa asali mbele na moto nyuma.

#15 RamaniKichwani
Umesema vizuri kuhusu nchi nzima, lakini kwa Toyota hesabu yako ina tundu. Jiji la Toyota kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa majiji machache yasiyopokea mgao huo, kwa sababu kodi ya viwanda inalitosha. Sasa jiji ambalo halipokei mgao linavutiwa vipi na marejesho yanayopitia kwenye mgao? Kwa Asuke pesa inaeleweka. Kwa Toyota haielezi chochote. Tajiri alipata nini kwa kuchukua milima na wazee?

#16 Hesabu_Kwanza
Hapo umenibana. Lakini kuna kanuni ya mpito: kwa miaka kadhaa mgao unakokotolewa kama vile miji ya zamani bado ipo. Sijakubali kwamba pesa haimo.

#17 FundiMakoa
Nawasaidia. Tajiri alipata ardhi! Pale Shimoyama, moja ya vijiji vilivyoingia 2005, kampuni ya Toyota wamejenga kituo kikubwa cha majaribio ya magari. Hekta kama 650, kuna njia ya milimani ya kilometa 5.3 imepinda kama nyoka, wanajaribia magari humo. Kilianza kufanya kazi 2019, kikakamilika 2024. Halafu mseme fundi hajui siasa.

#18 BintiLikoni
Lakini Fundi, kiwanda cha Shimoyama si cha tangu miaka ya sabini? Nilikisoma mahali.

#19 RamaniKichwani
Ni viwili tofauti, dada. Kiwanda cha injini cha Shimoyama ni cha 1975 na kiko Miyoshi, magharibi. Kituo cha majaribio anachosema Fundi ndicho kiko kwenye kijiji cha zamani cha Shimoyama, na sehemu yake imeingia Okazaki, kwenye ardhi ya mji wa Nukata ambao nao ulimezwa Januari 2006. Kwa hiyo Fundi ana kitu mkononi. Ila kitu kilichofunguliwa miaka 14 baadaye hakithibitishi sababu ya mwaka 2005. Jogoo huwika kabla ya jua, haina maana yeye ndiye aliyelileta.

#20 FundiMakoa
Mwalimu na jogoo wake. Lakini sijashindwa.

#21 Shani_Aichi
Watu wa huku ukiwauliza, wengi wanataja maji kabla ya pesa. Mto Yahagi unaanzia milimani, unapita Toyota, unaenda baharini. Viwanda, mashamba, mabomba ya nyumbani, vyote vinaunywa mto huo.

Septemba 2000 ilinyesha mvua kubwa sana eneo hili lote la Tokai. Milima ikaporomoka, na bwawa la Yahagi likajaa magogo. Nimeona picha za wakati huo: huoni maji, unaona mbao tu kutoka ukingo hadi ukingo, kama mtu ametandika mkeka wa miti. Misitu ile ilipandwa miti ya Kijapani ya sugi na hinoki kwa ajili ya mbao, halafu mbao zikakosa bei, vijana wakaenda viwandani, hakuna wa kupunguza miti. Miti ikasongamana, jua halifiki chini, nyasi hazioti, udongo haushikwi na kitu.

Tayari tangu 1994 jiji la Toyota lilikuwa linatenga yeni 1 kwa kila uniti ya maji inayotumika, pesa ziende kutunza misitu ya juu. Fikirini: mtu anafua nguo mjini, na shilingi yake moja inapanda mlimani. Baada ya mvua ile hoja ikawa, kwa nini tutunze msitu wa jirani, tusiwe nyumba moja? Leo karibu asilimia 70 ya jiji la Toyota ni msitu. Jiji la magari!

#22 Hesabu_Kwanza
Hadithi nzuri na nimeipenda kweli. Lakini kutunza msitu wa jirani walikuwa wameshaanza bila kumwoa jirani. Yeni 1 ilikuwa inafanya kazi. Ndoa ya nini?

#23 BintiLikoni
Wallahi hilo swali zuri. Tena mimi nataka kujua, kuna aliyekataa?

#24 RamaniKichwani
Wapo. Jirani kabisa, Miyoshi. Ilikuwa wilaya moja na Fujioka na Obara, wenzake wakaingia Toyota, yeye akabaki peke yake. Ana viwanda vyake vitatu vya Toyota, kodi anaijua. Januari 2010 akawa jiji kamili, akaandika jina lake kwa herufi nyepesi za hiragana ili asichanganywe na Miyoshi ya Tokushima.

Lakini huyo ni tajiri. Kuna maskini aliyekataa pia: mji wa Yamatsuri, Fukushima. Oktoba 2001 baraza lake lilitangaza hadharani kwamba halitaungana na mtu yeyote. Mji uko mpaka leo. Kwa hiyo anayesema Asuke haikuwa na njia nyingine, aseme na Yamatsuri ilipitia wapi.

#25 Hesabu_Kwanza
Yamatsuri walibana matumizi mpaka mfupa. Siyo kila mji ungevumilia.

#26 Wa_Nagaoka
Nasoma kimya tangu jana, sasa natia neno. Nimesoma Niigata miaka miwili. Siku ile ile, 1 Aprili 2005, kijiji cha Yamakoshi kiliingia jiji la Nagaoka. Miezi mitano tu nyuma, tarehe 23 Oktoba 2004, tetemeko la Chuetsu lilikuwa limewatoa wote kijijini, watu kama 2,000. Kijiji chao kilifutwa kwenye karatasi wakati wao wako kwenye nyumba za muda, nyumba zao zimelala chini, mabwawa ya samaki wao wa rangi yamepasuka.

Nilipofika huko mimi, miaka mingi imepita, watu bado wanasema "tulirudi Yamakoshi". Hakuna anayesema "tulirudi Nagaoka". Sina nadharia ya pesa wala maji. Nilitaka mjue tu kwamba tarehe hiyo moja ilibeba vilio tofauti.

#27 Mtu_wa_Kigoma
Umenigusa sana ndugu. Asante kwa kusema.

#28 Mzalendo_Ilala
Mnaenda mbali, na sisi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Nani alilia?

#29 BintiLikoni
Na huku manispaa ziliondoka kaunti zikaingia 2013. Lakini Mombasa ilibaki Mombasa, jina halikuguswa. Turudini Asuke tafadhali, mimi nataka kujua wale wazee walibaki na nini.

#30 Shani_Aichi
Binti, nitakwambia nilichoona.

Jina lilibaki kwenye anwani. Zamani ilikuwa wilaya ya Higashikamo, mji wa Asuke. Sasa ni jiji la Toyota, Asuke-cho. Ofisi ya mji ikawa tawi la jiji. Hospitali ya ushirika wa wakulima ipo, sekondari ya mkoa ipo. Toyota pia iliweka mabaraza ya maeneo mwaka huo huo wa muungano, na kila eneo linaweza kugawa hadi yeni milioni 5 kwa mwaka kwa miradi midogo inayobuniwa na wakazi: kusafisha njia za milimani, kufufua ngoma za kijiji, vitu kama hivyo.

Kilichoondoka ni meya wao. Muungano huu haukuwa wa kuunda jiji jipya, ulikuwa wa kuingizwa ndani ya lililopo, na kwa sheria yao anayeingizwa ndiye anayepoteza kiti. Zamani mzee akiona daraja limeoza alimkuta meya dukani. Leo anajaza fomu kwenye tawi, fomu inashuka mlima. Daraja linatengenezwa, tena vizuri kuliko zamani, sitaki kudanganya. Lakini nimekaa na wazee hawa, na wanalizungumza lile duka zaidi ya daraja.

#31 Hesabu_Kwanza
Daraja likitengenezwa vizuri zaidi, mimi nahesabu ushindi.

#32 Mtu_wa_Kigoma
Mimi nahesabu duka.

#33 RamaniKichwani
Na mimi niongeze kitu kabla hamjagawana kura. Huo mji wa Asuke mnaoulilia, wenyewe ulipanuliwa 1955 kwa kuunganishwa na vijiji jirani, kikiwemo Morioka na Azuri. Wakati huo nchi nzima iliambiwa mji uwe na watu angalau 8,000 hivi ili uweze kubeba shule ya kati. Miji na vijiji 9,868 vikawa 3,472 kufikia 1961. Na kabla ya hapo, 1889, vilikuwa 71,314 vikawa 15,859, ili kila kimoja kibebe shule ya msingi. Kwa hiyo kuna mzee wa Azuri aliyelia 1955 akaambiwa ni kwa ajili ya watoto. Sasa 2005 watoto wenyewe hawapo.

#34 FundiMakoa
Mwalimu leo umeninyamazisha.

#35 KijanaWaIST
Wakuu, ahsanteni. Nimekaa garini saa nzima na simu ya rafiki yangu hewani. Reli ipo kwenye ramani! Inatoka Sanage, inaishia pale pale Nishi-Nakagane, kama mwalimu alivyosema. Na barabara 153 naiona, mto Tomoe ndio ule uliojipinda. Alama ya nyumba iko upande wa pili wa mto.

Fundi, ulisema ukiniletea redio ya Android utaitoa hii kwa elfu thelathini. Nimeghairi. Weka tu ile ya kumnyamazisha dada wa ETC.

#36 FundiMakoa
Elfu kumi, njoo Jumamosi nikiwa Dar. Sitagusa DVD, hata kuipuliza vumbi sitapuliza.

#37 Shani_Aichi
Kijana, nitapanda Asuke katikati ya Novemba, asubuhi na mapema kabla ya foleni. Alama hiyo ya nyumba usiiweke hapa hadharani, huenda wenyewe bado wapo. Nitumie picha ya kona ya mto peke yake, na uivute kidogo ili daraja lionekane, maana madaraja hapo ni zaidi ya moja. Nitakupigia nikiwa nimesimama hapo.